Mbwa wetu mdogo hashibi

SWALI

Mtaalamu wetu wa mifugo, pokea salamu kutoka Kibirizi, Kigoma. Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Mwezi uliopita jirani alitupatia mtoto wa mbwa, dume, mwenye umri wa wiki tano, nasi tulimpokea kwa furaha kwa sababu tulihitaji mlinzi wa uani. Tunamlisha asubuhi na jioni ugali na mchuzi uliobaki, lakini humaliza sahani kabla sijageuka, kisha huanza kulia na kukwaruza mlango wa jiko. Tukiketi mkekani kula, humkodolea macho mwanangu wa mwisho mpaka mtoto anamrushia tonge. Tumbo lake limevimba kama ngoma, ila nikimpapasa mgongoni nagusa mifupa mitupu. Mume wangu anasema nisimwongezee, kwa kuwa mbwa aliyeshiba hulala badala ya kulinda. Je, ana njaa kweli, au tumemdekeza?

Mama wa watoto watatu, Kibirizi

JIBU

Dada yangu wa Kibirizi, nashukuru kwamba ulimpapasa mgongoni kabla ya kuandika, kwa sababu mkono wako umekwisha kujibu nusu ya swali. Mbwa wako ana njaa ya kweli, na juu ya njaa hiyo amejifunza kuomba. Naomba uanze na njaa, kwani kumtia adabu mnyama ambaye bado hajapata chakula cha kumtosha ni kumwonea.

Tumbo lililovimba juu ya mwili uliokonda, kwa mbwa wa umri huo, kwanza hunifanya nifikirie minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo tayari, kwa kuwa minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, na mingine huingia kupitia maziwa. Ndiyo maana matibabu huanza akiwa na umri wa wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, kisha kila mwezi mpaka atimize miezi 6. Wako ana takriban wiki 9, na kwa jinsi ulivyoeleza nadhani hajapata hata dozi moja. Mwone afisa mifugo wa kata yako akupe dawa ya minyoo ya mbwa kulingana na uzito wake. Usimkatie kidonge cha watu kwa kukisia. Uzito unapatikana kwa urahisi: mtie katika ndoo, pima vyote pamoja, halafu utoe uzito wa ndoo. Baada ya dawa unaweza kuona kwenye kinyesi chake minyoo myeupe kama tambi zilizopikwa. Usishtuke, maana hiyo ni dalili kwamba dawa imefanya kazi. Kinyesi hicho kikusanye siku hiyo hiyo na kukifukia mbali na vichanja vya dagaa na mahali wanapochezea watoto, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo hukomaa udongoni na yanaweza kumwambukiza mtoto anayetia mikono mdomoni.

Siku utakapompeleka, mwombe afisa mifugo amtazame pia ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, huenda ana minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu na inaweza kumuua mbwa mdogo haraka. Ulizia vilevile chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi 3.

Sasa tuje kwenye sahani, ambako ninaona tatizo kubwa zaidi. Mtoto wa mbwa, kwa kila kilo ya mwili wake, huhitaji karibu maradufu ya nguvu anayohitaji mbwa mzima, lakini tumbo lake ni dogo na halipokei chakula kingi kwa mara moja. Milo miwili haimtoshi hata kidogo. Mpe milo minne mpaka afikishe miezi 4, mathalani saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni na saa mbili usiku. Kisha mitatu mpaka miezi 6, na baada ya hapo miwili. Zaidi ya idadi, uangalie kilichomo. Unga wa mahindi una takriban gramu 8 hadi 10 za protini katika kila gramu 100, ilhali chakula kikavu cha mbwa anayekua kinapaswa kuwa na zaidi ya 20. Ugali na mchuzi humjaza tumbo kwa muda mfupi, lakini misuli na mifupa inabaki ikidai, naye analia.

Dawa ya hilo unaianika kila siku mbele ya nyumba yako. Dagaa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo humpa protini na kalisi kwa pamoja. Chukua wale wasio na chumvi, uwaoshe mchanga, uwachemshe mpaka walainike, halafu uwaponde ndani ya ugali laini wa dona hata theluthi nzima ya sahani iwe dagaa. Yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki litamfaa. Mchuzi wa mezani uache, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha kali, wala gunzi la muhindi, ambalo likimezwa huziba utumbo. Na unga ulioota ukungu usimwekee mbwa kwa kudhani yeye atauvumilia, kwani sumukuvu huharibu ini lake kama inavyoharibu la binadamu. Ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kwa heshima zote kwa mzee wa nyumba, sikubaliani naye kuhusu njaa na ulinzi. Mwizi anayejua kazi yake hurusha kipande cha nyama juu ya ua, mara nyingi kikiwa na sumu, na mbwa mwenye njaa ndiye wa kwanza kukidaka. Mbwa hulinda kwa sababu anaijua nyumba yake na watu wake.

Baada ya wiki tatu za dawa na milo minne, mpapase tena. Ukizigusa mbavu kwa urahisi chini ya ngozi bila kuziona kwa macho, chakula kinamtosha, na kilio kitakachobaki ni cha mazoea. Hapo ndipo kazi ya watoto inapoanza. Tonge moja linalorushwa leo, likakosekana kesho, likarushwa tena keshokutwa, humfundisha mbwa kuomba kwa nguvu kuliko tonge la kila siku, kwa kuwa hajui ni lini litakuja, hivyo hachoki kungoja. Mlisheni yeye kabla hamjaketi, mfungeni kwenye kibanda chake wakati wa kula, na mtu yeyote asimtazame wala kumkemea akilia, maana hata kemeo kwake ni jibu. Siku chache za mwanzo atapiga kelele zaidi. Mkilegea siku ya nne, mtakuwa mmemfundisha kulia siku nne.

Huyo mdogo wako anayerusha matonge usimkataze tu, mpe kazi. Yeye ndiye ashike sahani ya jioni, aseme “kaa”, angoje mpaka makalio ya mbwa yaguse chini, ndipo aiweke, nawe ukiwa karibu. Na kwa kuwa mbwa wako anameza bila kutafuna, weka katikati ya sahani jiwe safi, kubwa kuliko mdomo wake, ili alazimike kulizunguka akitafuta dagaa mmoja mmoja.