Albamu mpya siku ya kwanza: kabla hujaandika "mbovu", soma hii

Mkuu umeuliza hivi: albamu ya msanii wako imetoka Ijumaa, umeisikiliza yote usiku huohuo kwenye simu, umeona ya kawaida sana, traki ya nne ndo kelele tupu, afu huku watu wanasema ndo albamu ya mwaka, sasa unataka kujua masikio yako ndo mabovu au watu wanajipendekeza. Jina la msanii silirudii hapa maana tukilitaja tu uzi unageuka vita ya timu hii na timu ile na swali lako linafia hapohapo.

Mi niko Mbeya, Mwanjelwa, kazi yangu ni kuingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi (kabla hamjanirukia na mambo ya haki za wasanii, hilo lina uzi wake na kule nilishatukanwa vya kutosha). Uzuri wa hii kazi unaona maoni ya watu yakiwa mabichi kabisa, na unayaona tena baada ya miezi kadhaa yakiwa yameiva. Ngoma ikitoka Ijumaa, Jumamosi asubuhi bajaji zimeshapanga hapo nje, "bro niwekee mpya ya fulani." Namuuliza niweke yote? Ananiambia weka zile kali tu. Zipi kali wakati imetoka jana? Basi anataja ile iliyotoka kama singo toka mwaka jana, na ile yenye kolabo na mtu mkubwa. Yani albamu ina traki kumi na kitu, yeye anaijua kwa mbili, afu jioni ukimkuta kijiweni anaichambua utadhani alikuwepo studio wakati inarekodiwa.

Kwa hiyo usiogope sana hayo maoni ya siku ya kwanza, ya kusifia wala ya kuponda. Nusu ya wanaosema kali hawajafika traki ya sita. Na wanaosema mbovu wengi wao walishaamua toka kava lilipopostiwa.

Maoni ninayoyaamini mimi ni ya kufuta. Flashi ikijaa mtu anakuja kupunguza ili aweke vitu vipya, na hapo hakuna timu wala ushabiki. Kuna jamaa anaendesha Fuso ya viazi, anashusha mzigo toka Isyonje, yule akija anaegemea kaunta, mi nashika mausi namchezea kila wimbo kidogo tu, na yeye kazi yake ni kutoa hukumu: "Futa. Futa. Hiyo acha. Futa. Hiyo acha kwanza, nitakwambia. Hiyo usiguse, ni ya mama watoto." Nimewahi kuona albamu ambayo mitandao yote ilikuwa inaililia, kwenye flashi yake imebaki traki moja, tena ya mwishoni kabisa ambayo haikufanyiwa hata kichupa. Hiyo moja mpaka leo anayo.

Mfano mzuri ni wa mtoto wa hapahapa nyumbani. Februari 2021 Rayvanny aliachia Sound from Africa. Huyu ni Raymond Mwakyusa, ukisikia ukoo tu huhitaji kuuliza kwao wapi, 2017 alibeba tuzo ya BET ile ya kimataifa ambayo watazamaji wenyewe ndo wanapiga kura, kwa hiyo Mbeya nzima ilikuwa inasubiri. Albamu ikaja na nyimbo zaidi ya ishirini, na kolabo za wasanii wa nje kibao. Wiki ya kwanza hapa watu walinuna. Walimtaka Ray yule wa kulia na mapenzi, wa Kiswahili kilichonyooka, wa kukufanya umkumbuke mtu aliyekuacha. Dada mmoja anauza mitumba jirani yangu alisema "huyu katualika harusini kwake afu tumekuta ukumbi umejaa wageni wake." Nilicheka sana lakini alikuwa anaongea kwa niaba ya wengi.

Waliogeuza upepo, hapa kwangu nasema, ni madereva wa malori. Wale wanaoelekea Tunduma, wakivuka wanashika Zambia mpaka kule Lubumbashi, masikio yao yalishazoea muziki wa Kongo zamani, na wao moja kwa moja waliulizia ile aliyoimba na Innoss'B, msanii wa Kongo. Hawakuwa na habari na Ray wa kulia. Wakaanza kuipiga barabarani, wakisimama kula pale Uyole milango ya lori iko wazi muziki unatoka, makonda wa daladala wakaidaka, kutoka kwa makonda ikaja kwa bajaji, na watu walewale walionuna ndo wakawa wanakuja kuniuliza "ile ya Mkongo unayo?" Albamu haikubadilika hata sekunde moja, ila ilikuwa imefika kwa watu ambao ilitengenezwa kwa ajili yao, na wao ndo wakatufundisha kuisikiliza.

Sasa hilo la kusikiliza kwenye simu, mkuu, hapo ndo nina shaka na wewe kweli. Spika ya simu ni kadogo mno, ile besi ya chini kabisa haiwezi kuitoa, na hizi ngoma za sasa zenye vionjo vya amapiano (ule muziki wa Afrika Kusini) ile besi ndo inabeba wimbo wenyewe, ndo inayoimba. Ukiitoa unabaki na sauti na vimanyanga, lazima uone pamepwaya. Ongeza na faili lenyewe: wengi wanasikiliza kitu kilichochomolewa YouTube, kikapita WhatsApp, kimekuja kina kbps 128 au pungufu (hicho ndo kipimo cha ubora wa faili, kikiwa kidogo sauti inapungua), afu anasema mixing, yani kupangwa kwa sauti, ni mbovu. Mi nina sabufa moja ya zamani hapa ofisini, mtu akinibishia wimbo hauna kitu namwekea faili safi ya 320 namwambia simama hapo mlangoni. Sio wote wanabadilisha mawazo ila wengi wananyamaza kidogo.

Na kuna jambo lingine watu hawaliangalii. Siku hizi pesa inahesabiwa kwa kuchezwa, Spotify kwa mfano (ambayo ilifunguliwa Tanzania Februari hiyohiyo ya 2021) wimbo mpaka upite sekunde 30 ndo unahesabiwa. Kwa hiyo prodyuza ana sababu ya kuweka utamu wote mwanzoni usije ukaskipu, kiitikio kinakuja kabla hata hujakaa vizuri, na ndo maana kuna nyimbo zinakukamata siku ya kwanza afu Jumatano umeshazichoka. Zile zinazochelewa kufunguka zinaonekana zinaboa. Tena traki nyingi maana yake hesabu nyingi, hivyo albamu zinajazwa, na katikati pale unakuta nyimbo tatu nne za kujazia tu, hilo silikatai, hata hiyo ya kwako ninavyoijua traki ya nane na ya tisa zingeachwa nyumbani hakuna ambaye angeuliza ziko wapi.

Enzi za kanda ilikuwa tofauti. Wakati Sugu, yule wa kurap, bado anaitwa Mr. II, kabla hajawa mbunge wetu Mbeya Mjini (2010 mpaka 2020), kaka zetu walikuwa wananunua kanda moja mtaa mzima unaizunguka, saidi A ikiisha unageuza saidi B, kuruka wimbo ni shughuli ya kubonyeza fowadi na kubahatisha, na betri ni za pesa. Mtu alikuwa anausikiliza wimbo asioupenda mpaka anaupenda, au angalau anaujua maneno yote. Sisemi ilikuwa bora, zilikuwepo kanda mbovu na tulizimeza hivyohivyo kwa sababu hela ilishatoka. Ila hakuna aliyekuwa anatoa hukumu usiku wa kwanza.

Kwa hiyo kwako wewe: masikio hayana shida, na hao wengine sio wote wanajipendekeza, wengine wameipiga kwenye gari lenye muziki wa maana wakiwa safari na wewe umeipiga umelala na simu kifuani usiku wa manane baada ya kazi. Iache mpaka wikiendi. Tafuta faili zuri au istrimu kama bando linaruhusu, tafuta spika yenye besi, anzia katikati badala ya kuanza tena na zile mbili unazozijua. Ukirudia hivyo na bado hakuna kitu, basi hakuna kitu, sema tu ukweli wako, shabiki sio mke wa msanii.

Ila hiyo traki ya nne unayosema ni kelele tupu, hapo tutabishana, maana wiki hii hakuna bajaji imeondoka hapa bila kuibeba.