Jibu: Mkoani hadi Ngezi kwa miguu, peke yangu, siku tatu zatosha?

Ndugu yangu, umeuliza kama siku tatu zatosha kwa miguu kutoka mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, hadi Msitu wa Ngezi, kaskazini. Ramani inakudanganya. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, lakini si Unguja hii: kilima, bonde la mpunga, kilima tena.

Mimi nilijaribu mwishoni mwa Machi, masika yakanikuta njiani. Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa, nilifika usiku badala ya alasiri. Siku ya pili nikakata njia mikarafuuni ili nisizunguke na barabara. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni! Niliteleza mpaka bondeni, soli ya kiatu cha kushoto ikabaki topeni. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kondeni akanitazama miguu, akauliza, "Mwanangu, gari hukuziona?" Akanifungia soli kwa ukambaa wa ukindu, nikachechemea hadi barabarani. Wete niliingia kwa daladala. Ngezi sikuiona.

Nenda Julai, weka siku tano. Ukitaka kulala kijijini, piga hodi kwa sheha, kiongozi wa hapo, kabla ya magharibi, usingoje giza. Na viatu vipya uviache nyumbani.