Maswali ya Wasomaji: Maji ya buluu jikoni

SWALI: Kambi yetu ya watalii iko kwenye mteremko karibu na Jinja. Maji yanatoka kwenye tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 5. Wageni wenye magari ya kulala hujaza maji kwa mpira, na kaseti za vyoo vyao (vitangi vya uchafu vinavyochomolewa) huzioshea kwenye bomba la maegeshoni, juu kabisa ya kambi. Juzi umeme ulikatika, tangi likakauka, na bomba la jikoni huku chini likatoa maji ya buluu yanayonuka dawa ya choo. Yalifikaje huku?

JIBU: Yalinyonywa. Tangi lilipokauka, bado kulikuwa na maji ndani ya mabomba. Mpishi alipofungua bomba la chini yaliteremka, na nyuma yake ukabaki mvuto ulionyonya kupitia mdomo wowote uliokuwa wazi huko juu. Bila shaka ni mpira uliozamishwa ndani ya kaseti. Rangi hiyo ni bahati yenu; uchafu usio na dawa huenda msingeuona kabisa.

Ondoeni mpira hapo leo. Wekeni bomba la chuma juu ya karo, na mdomo wake uwe juu ya ukingo wa karo kwa mara mbili ya kipenyo cha bomba, usipungue milimita 25. Bomba la inchi moja linahitaji milimita 50. Pimeni kutoka ukingoni, si kutoka maji yalipo, maana karo likiziba hujaa. Pengo hilo halina springi wala raba ya kuchakaa, ndiyo maana tunaliamini kuliko valvu yoyote.

Kwenye mabomba ya kujazia magari fungeni kifaa kidogo cha shaba kinachoingiza hewa mvuto ukitokea. Mkifunga bomba kitatema maji kidogo pembeni. Ndiyo kazi yake, fundi asikizibe. Kisikae chini ya presha zaidi ya saa 12 kwa siku, kwani kinaweza kukwama.

Kabla ya kunywa tena, mwageni maji yote na kusuuza mabomba hadi rangi na harufu viishe. Klorini haiondoi dawa ya choo. Kisha jazeni tangi na kutia Jik isiyo na manukato. Lebo ikisema asilimia 3.5, lita 1.4 hutoa takriban miligramu 50 za klorini kwa lita. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya Jik ifike, acheni saa 12, mwageni, suuzeni.

SWALI: Mgeni anasema gari lake lina valvu ya kuzuia maji kurudi. Hiyo haitoshi?

JIBU: Haitoshi. Mnara wa mita 5 unatoa presha ya nusu ba (ba ni kipimo cha presha), ilhali pampu ya gari la namna hiyo husukuma karibu ba 3. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha valvu ya gari (pale valvu inapokaa ikifunga), pampu itarudisha maji ya tangi lake kwenye mabomba yenu. Hapo hata kile kifaa cha shaba si kinga ya kutegemea: kimetengenezwa kwa kunyonywa, si kwa kusukumwa.

Kwa gari linalounganishwa usiku kucha, wekeni valvu mbili za kuzuia maji kurudi, zinazofuatana, koki kila upande, vikoki vya majaribio, na chujio kabla ya valvu hizo. Zipimeni angalau mara moja kwa mwaka. Maji yenye mchanga, mara mbili. Fungeni koki zote mbili. Unganisheni mpira mwangavu uliojaa maji kwenye kikoki kilicho baada ya valvu, uinueni mita 1, kisha fungueni kikoki kilicho kabla yake. Maji yakiendelea kushuka ndani ya mpira, valvu hiyo inavuja: ifungueni, osheni kiti, badilisheni raba, mpime upya.