Usikifungue Kipande Mapema: Niliyojifunza Nikikereza Injini Ndogo ya Mvuke

Silinda yangu ya kwanza iko mezani hapa ninapoandika. Ukiitazama kwa macho huoni kasoro: bronzi inang'aa, tundu laini, mashimo ya boliti yamepangika. Lakini ingiza pistoni. Nusu ya safari inateleza vizuri, halafu inakaza, na kabla ya kufika mwisho imekwama kabisa. Kwa siku mbili niliamini pistoni ndiyo nene, nikawa naipunguza kwa msasa. Mwisho ikawa inavuja upande mmoja na bado inakwama upande wa pili.

Pistoni haikuwa na kosa. Nilikuwa nimechimba tundu la silinda hadi katikati, nikakifungua kipande kwenye taya za mashine ya kukereza, zinazokishika kikizunguka, nikakigeuza, nikakishika upya na kuchimba nusu iliyobaki. Matundu mawili yalikutana, lakini si kwenye mstari mmoja. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa kucha, ila injini hii ina nafasi ya sehemu mbili tatu za mia za milimita tu kati ya pistoni na silinda.

Vijana wanaokuja karakanani kwangu Katwe, hapa Kampala, wakiona injini ikizunguka juu ya meza, swali la kwanza huwa ni mashine: ya aina gani, ilinigharimu kiasi gani. Mashine yangu ya kukereza ni ya mkono wa tatu na skrubu zake zimelegea. Ninachotaka mkijue ni mpangilio wa kazi, yaani kipi kikatwe kikiwa bado kimeshikwa pamoja na kipi.

Mimi nimekulia kwenye nyumba za reli, Nsambya, na Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uani na ya karakana. Tupa, jiliwa, keekee, patasi: maneno hayo niliyapata kwa babu kabla sijajua mwenzake wa Kiingereza ni yupi. Babu alikuwa fundi wa injini za mvuke Tororo enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977. Alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, chuma hakisahau ulivyokishika." Nilikuwa nikiichukulia kama maneno ya wazee, mpaka silinda hii.

Kwanza, chagua kitu kidogo. Najua wengi mnataka garimoshi. Hata mimi nilirudi kutoka jumba la makumbusho ya reli Nairobi nimepagawa na lile garimoshi la mvuke aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, la daraja la 59. Ni injini ya tani 252, silinda nne, magurudumu 16 ya kuvuta. Nikapiga hesabu: ukiipunguza mara nane, reli yetu ya mita moja inakuwa milimita 125, ambazo ni karibu sawa na njia ya inchi tano inayopendwa na watengenezaji wa magarimoshi madogo duniani. Safi sana. Lakini uzito haupungui mara nane, unapungua mara nane ya nane ya nane, yaani 512, na bado unabaki na karibu nusu tani ya vyuma vya kukereza. Nikaanza na injini ya kulala chini, kama zile za kuendeshea vinu: silinda moja, kipenyo cha pistoni milimita 20, mwendo wake milimita 30, gurudumu zito la milimita 90. Inaingia kwenye boksi la viatu, na kila somo la garimoshi limo ndani yake.

Vyuma havihitaji kuagizwa. Bushi za bronzi za pampu kuukuu zinatoa silinda. Sleeve ya injini ya lori, yaani lile bomba ambamo pistoni hukimbia, ni chuma kizuri cha kusubu, kimeshikana, hakina matundu. Vile vyuma virefu vinavyong'aa ndani ya printa mbovu vimesawazishwa kiwandani, na ndivyo ninavyotumia kwa fito ya pistoni. Msichukue ekseli ya gari kwa kazi ya kwanza. Ni ngumu, itakula visu bila kuwafundisha chochote.

Sasa silinda. Kata kipande kirefu kuliko unachohitaji ili taya zipate pa kushika na kisu kipate pa kutokea. Kishike mara moja. Sawazisha uso wa mbele, toboa kwa biti ndogo, kisha kubwa, halafu ingiza kisu cha kuchimbia ndani. Kisu hicho kiwe kinene kadiri tundu linavyoruhusu, na kisichomoze kuliko urefu wa kazi, kwa sababu kikiwa kirefu na chembamba kinatetemeka na kuacha mawimbi ambayo unayahisi kwa kidole hata kama huyaoni. Ukifika kipimo, pitisha kisu mara mbili au tatu bila kukiongeza hata kidogo. Utashangaa bado kinatoa maranda membamba kama vumbi. Kile kisu kilikuwa kimejipinda kwa mzigo, sasa kinajinyoosha na kumaliza kazi yake.

Halafu, kabla ya kugusa ufunguo wa taya, rudia kukata uso wa mbele kidogo tu. Uso huo na tundu sasa vimezaliwa mshiko mmoja, kwa hiyo vimekaa pembe mraba bila wewe kupima. Upige nukta moja kwa panchi. Mimi nauita uso mama. Mfuniko wenye tundu la fito ya pistoni ndio utakaokaa hapo, maana fito ikienda mshazari hata kidogo itakula tundu lake na mvuke utatokea. Mfuniko wenyewe ufanyie vilevile: shingo inayoingia ndani ya silinda na tundu la fito vikatwe bila kukifungua kipande.

Uso wa pili nausawazisha kwa kuivalisha silinda kwenye mti wa chuma. Nakereza mti huo palepale kwenye mashine, unene wa tundu, na mteremko mdogo sana ili silinda ikaze kwa kusukumwa na mkono. Nao siufungui mpaka silinda imekwisha. Taya tatu za mashine iliyofanya kazi miaka mingi hazikirudishi kipande mahali pale pale. Zangu hukosea karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukilazimika kurudisha kipande, tumia taya nne na ile saa ya kupimia, sogeza taya moja moja mpaka mshale usimame. Inachukua dakika 20. Mimi pistoni isiyoingia ilinichukua siku mbili.

Pistoni nayo usiimalize peke yake. Iache nene kidogo, ifunge kwenye fito yake kabisa, kisha shika fito na umalizie pistoni hapo. Nguzo mbili za beringi zifunge kwanza kwenye kitako kwa boliti zake, ndipo upitishe biti na rima (kile kifaa cha kulainisha tundu hadi kipimo) moja kwa moja katika zote mbili. Mashimo ya mifuniko usiyapime mara mbili: toboa mfuniko, uweke juu ya silinda, tumia mashimo yake kuongoza biti, na utie alama ili usiugeuze siku ya kufunga.

Kranki, inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ndiyo inayonifurahisha zaidi. Wengi wanakata shafti vipande viwili kisha wanahangaika kuvilinganisha. Mimi naacha shafti ya milimita 8 iwe ndefu, nzima, ipite katika mabapa yote mawili yanayoshika pini. Mabapa nimeyatoboa yakiwa yamebanwa pamoja, milimita 15 kutoka tundu la shafti hadi la pini, kwa sababu mwendo wa 30 ni nusu juu na nusu chini. Natia gundi ya chuma, naiacha ikauke usiku kucha, natoboa na kupigilia vijiti vya kufungia. Baada ya hapo tu ndipo nachukua msumeno na kukata kile kipande cha shafti kilicho kati ya mabapa. Pande mbili zinazobaki zimenyooka, kwa sababu hazijawahi kutengana.

Kuhusu kasi, hesabu ninayotumia ni hii: chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha mara 320, gawanya kwa kipenyo cha kipande kwa milimita. Chuma laini kwa kisu cha kawaida ni mita 25 hivi. Kipande cha milimita 20 kinataka mizunguko 400. Gurudumu la chuma cha kusubu la milimita 90, kwa mita 20, linataka mizunguko 70 tu. Ukilikimbiza, ncha ya kisu inaungua kwenye ganda la nje, ambalo ni gumu na lina mchanga wa kusubia. Mkato wa kwanza uzame chini ya ganda hilo. Chuma cha kusubu hakitaki mafuta, na vumbi lake jeusi linasaga reli za mashine, kwa hiyo zifunike kwa gazeti.

Brasi ina hatari yake. Biti iliyonolewa kwa ajili ya kutoboa chuma, ikikaribia kutokea upande wa pili, inajivuta yenyewe kama skrubu. Mfuniko wa valvu uliniponyoka hivyo kwenye jiliwa, yaani kibano cha mezani, ukazunguka na biti, na nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Chukua jiwe dogo la kunolea, punguza ule ukali wa mbele ya ncha za biti mpaka uwe bapa. Dakika moja tu. Na funga kipande kwa boliti au kibano, usikishike kwa mkono.

Umeme ukikatika katikati ya mkato, na hapa Kampala utakatika, usikae kungoja. Zima swichi kwanza, kisha rudisha kisu nyuma ukizungusha kipande kwa mkono. Ukirudi ghafla huku kisu kimeng'ang'ania, utapoteza ncha ya kisu, au kipande, au vyote.

Njia za mvuke kwenye silinda zinahitaji subira. Ninatoboa mashimo ya milimita 2 kutoka mwishoni mwa silinda, kwa mshazari, hadi chini ya uso wa valvu, pale valvu inapoteleza. Ukuta kati ya njia na tundu la pistoni ni mwembamba, na biti ndogo hufuata upande ulio laini. Ingiza milimita 2, toa, safisha maranda, ingiza tena. Uso wa valvu wenyewe nausugua juu ya kioo kinene chenye msasa namba 400, halafu 600, kwa mwendo wa namba nane, nikiupaka rangi ya bluu mara kwa mara. Rangi ikifutika sawasawa kote, umenyooka.

Usikimbilie mvuke. Silinda yangu ya pili, iliyokatwa kwa mshiko mmoja, niliifunga kwenye injini, nikaipeleka kwa jirani anayejaza upepo matairi ili izunguke kwa upepo kwanza. Boila ni jambo jingine: shaba nyekundu, kulehemu kwa fedha, valvu ya usalama, na kuijaribu kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazini kabla ya kuwasha moto. Mtu asikudanganye kwamba mtungi wa gesi unatosha.

Yule kijana wa matairi alifungua upepo kidogo kidogo. Mshale wa kipimo chake ulipofika karibu paundi 15 kwa inchi ya mraba, gurudumu lilitikisika, likarudi nyuma, nikalisukuma kwa kidole. Likashika. Lilikuwa likizunguka polepole kiasi kwamba ungeweza kuhesabu: pistoni nje, pistoni ndani, pumzi moja kila upande. Akapunguza upepo mpaka karibu 8 na bado halikusimama. Watu wa boda boda walikuja kuangalia, mzee mmoja akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya silinda, akauliza kama ni ya reli. Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, ni ya reli."

Niliporudi karakanani nilidondosha mafuta ndani ya silinda, nikazungusha gurudumu kwa mkono mara kumi, nikaifunika kwa kitambaa.