Umeshinda nusu, mwenzako amekata rufani: usikae kimya

Msomaji mmoja anauliza: alidai fidia ya milioni 40 pamoja na riba, Mahakama Kuu ikampa milioni 12 bila riba. Aliyeshindwa amekata rufani. Je, akienda kujibu tu, majaji hawawezi kumwongezea?

Asitegemee hilo. Anayejibu rufani bila kuleta ya kwake huitetea ile milioni 12, basi. Anayetaka zaidi alete rufani kinzani, yaani rufani yake mwenyewe ndani ya ile ya mwenzake, akipinga sehemu ya hukumu isiyomridhisha.

Wengi hujikwaa kwenye kipimo chenyewe. Tazama amri iliyo mwishoni mwa hukumu. Ukitaka amri ibadilike, iwe kiasi, riba, gharama au dai lililotupwa, hiyo ni rufani kinzani. Ukiridhika na amri lakini unaona sababu za jaji ni dhaifu, kinachofaa ni notisi ya kuunga mkono hukumu kwa sababu nyingine. Wapo wanaoficha ombi la nyongeza ndani ya hoja za maandishi. Ombi la namna hiyo mara nyingi halisikilizwi, na ni haki.

Notisi ya rufani kinzani itaje sehemu ya hukumu inayopingwa, kosa lenyewe, na amri unayoiomba. "Jaji alikosea kisheria na kiushahidi" haisemi kitu. Andika hivi: jaji alikosea kukataa riba ilhali kifungu cha 9 cha mkataba, kielelezo P4, kinaitoa. Kisha taja kiwango chake na tarehe ya kuanzia. Unaweza pia kuomba kwa masharti: iwapo rufani itakubaliwa, basi dai langu mbadala lizingatiwe.

Muda ndio unaoua haki za watu. Katika mahakama nyingi siku huhesabiwa tangu ulipopokea hati ya rufani na kumbukumbu zake (kabrasha la nyaraka za kesi), si tangu hukumu. Gonga mhuri wa tarehe kwenye nakala yako siku hiyo hiyo na ufungue kanuni za mahakama yako. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza ucheleweshaji wote, pengine siku kwa siku.

Wape nakala wote watakaoguswa, hata mdaiwa mwenza ambaye hakukata rufani. Kielelezo unachokitegemea kikikosekana kwenye kumbukumbu, wasilisha kumbukumbu za nyongeza mapema.

Na mrufani akiondoa rufani yake? Kanuni nyingi huiacha rufani kinzani iendelee, lakini si zote. Kama kwa kanuni za mahakama yako rufani kinzani haisimami peke yake, na ulichonyimwa ni kikubwa kama milioni 28, kata rufani yako kamili tangu mwanzo, ndani ya muda unaohesabiwa tangu hukumu.