Kozi imekataliwa tena? Anza na kalenda

Meneja anayeambiwa "bajeti imeisha" mwezi wa Machi huwa mara nyingi anaambiwa ukweli. Pesa za mafunzo ziligawanywa miezi mingi kabla, na jina lake halikuwa kwenye jedwali. Wanawake wengi wenye vyeo vya kati hapa Nairobi hukwama hapo, wala si kwenye uwezo. Habari za bajeti huzunguka Ijumaa jioni nyama ikikatwakatwa, saa ambazo wao wako kwenye msongamano wa Barabara ya Thika wakikimbilia kumpokea dada wa kazi watoto. Si lazima uende kwenye nyama. Tarehe za bajeti, hizo lazima uzijue.

Serikalini mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka waraka wa bajeti utolewe kufikia Agosti 30, kisha idara zinaanza kuandaa makadirio. Kwa hiyo ombi la mafunzo ya mwaka unaofuata lifike kwa mkuu wa idara mapema Septemba. Kampuni nyingi za kibinafsi hufuata Januari hadi Desemba, na makadirio yao hupikwa robo ya mwisho ya mwaka. Muulize mhasibu: "Makadirio ya idara yetu yanafungwa lini?" Atakupa tarehe bila kukuhoji unaitakia nini.

Ombi lenyewe lisizidi ukurasa mmoja. Barua inayosema "naomba nafasi ya kujiendeleza kitaaluma" humpa bosi kazi ya kufikiria, na bosi mwenye kazi nyingi hujibu "tutaangalia". Linganisha na hii: "Naomba idara itenge Sh180,000 za kozi ya usimamizi wa miradi, wiki 6 kuanzia Februari. Mwaka huu tumemlipa mshauri wa nje mara mbili kwa kazi ambayo kozi hii itaniwezesha kuifanya. Nikiwa darasani, naibu wangu atatayarisha ripoti za kila wiki. Tayari nimezungumza naye." Kiasi kipo, tarehe zipo, faida kwa idara ipo, na swali la nani atashika kazi limejibiwa kabla halijaulizwa. Hilo la mwisho ndilo huua maombi mengi ya wanawake, hasa wenye watoto wadogo, kwa sababu mkubwa hujaza jibu mwenyewe kichwani: "Huyu tayari ana mengi."

Kuna pesa nyingine ambazo wachache huzitaja. Mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Kampuni yenye watu 200 inalipa Sh120,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, lakini idhini huombwa kabla ya kozi kuanza. Hapo ndipo mambo huharibika: kozi inafanyika, risiti zinaletwa, ndipo mtu anakumbuka fomu. Ukienda kwa afisa wa rasilimali watu ukiwa umekwisha kuuliza kama mkufunzi wako anatambuliwa na NITA, umempunguzia kazi, naye atalisukuma faili lako.

Wanataaluma wana hoja rahisi zaidi. Mhasibu mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, anadaiwa saa 40 za mafunzo endelevu kila mwaka, na wakili anadaiwa pointi 5 na Chama cha Mawakili. Usiziombe kama hisani. Ziandike kama sharti la wewe kuendelea kufanya kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Mwajiri akikubali kulipa, usikimbilie kutia sahihi. Huwa kuna mkataba wa kukufunga kazini, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, na ukiondoka mapema unarudisha ada. Soma mistari miwili. Wa kwanza: deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Kwa ada ya Sh240,000 na kifungo cha miezi 24, kila mwezi unaokaa unafuta Sh10,000; ukiondoka mwezi wa 18 unadaiwa Sh60,000. Bila mstari huo unaweza kudaiwa zote. Wa pili: likizo ya uzazi inahesabiwa ndani ya kifungo au inakisimamisha? Omba iandikwe kwamba inahesabiwa. Mkataba ambao haujatiwa sahihi bado unarekebishika.

Kwa watumishi wa umma, Lower Kabete, kiliko chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wake, haikwepeki. Kozi ya mameneja waandamizi katika Kenya School of Government huchukua wiki 4, na ile ya uongozi wa kimkakati wiki 6, na nafasi nyingi za juu huzidai. Kosa la kawaida ni kusubiri nafasi itangazwe ndipo mtu atafute kozi. Tangazo huja na siku chache za kutuma maombi, cheti huja baada ya wiki nyingi.

Halafu kuna kukaimu. Wanawake hupewa kukaimu kwa wepesi wa ajabu, hasa idara ikiwa imeharibika, kisha anatafutwa mwingine wa kuthibitishwa ikishatengemaa. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema mtu akaimu kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi 6. Basi dai barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho na posho. Mwezi wa tano, andika kuuliza nafasi itatangazwa lini. Katika kampuni ya kibinafsi sheria hiyo haikuhusu, lakini barua yenye tarehe mbili inafaa vilevile. Ukikaimu kwa maneno ya mdomo, kwenye faili lako hukuwahi kukaimu.

Na faili ndilo husomwa. Tenga dakika 15 kila Ijumaa kabla ya kuzima kompyuta. Andika jambo moja lililofanyika, tarakimu yake, na aliyeliona. "Madeni ya wateja ya zaidi ya siku 90 yameshuka kutoka Sh4.2 milioni hadi Sh2.6 milioni, mkuu wa fedha alithibitisha kikaoni" ni sentensi ambayo kamati inaweza kuitumia. "Nilifanya kazi kwa bidii na timu" haitumiki popote. Mpe pia mistari mitatu ya aina hiyo yule mkubwa aliye tayari kukutetea, kwa sababu vyeo hujadiliwa wewe ukiwa nje ya chumba. Mtu wa kukupa ushauri unaweza kumpata popote, hata kanisani. Wa kukutetea ni lazima awe na kiti katika kikao hicho.

Angalia pia ni kazi gani unazopewa. Ukiona kila mara ni wewe unayeandika kumbukumbu za mkutano, kupanga sherehe ya kufunga mwaka na kuchangisha za msiba, unajaza saa ambazo hazitaonekana kwenye tathmini. Usigome. Pendekeza zamu, na uwe na orodha ya majina tayari. Nafasi hiyo ijaze na kitu chenye pesa ndani: kusimamia bajeti ya kitengo, kukaa kwenye kamati ya kutathmini zabuni, kuwasilisha ripoti ya robo mwaka. Wanaopanda juu huulizwa walisimamia shilingi ngapi.

Likizo ya uzazi inahitaji matayarisho ya mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 yenye mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni. Notisi ya maandishi iwe angalau siku 7 kabla, ila usiikawize hadi hapo. Yanayopotea ni yale yasiyo kwenye sheria: tathmini ikifanyika haupo, unapewa alama ya katikati, mradi wako unapewa mtu "kwa muda" na haurudi. Omba tathmini ifanyike kabla hujaondoka. Kwenye hati ya makabidhiano, kando ya kila mradi, andika "anashikilia hadi" na tarehe, kisha itume kwa barua pepe kwa wote wanaohusika. Ukirudi ukiwa unanyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Choo si mahali hapo.

Kama mwajiri halipi kabisa, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu kinaweza. Wanachama 10 wakiweka Sh6,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja anapata Sh60,000. Vyama vya karo huvunjika pale zamu inapopigiwa kura: wa Mei anapata pesa Agosti, muhula umempita. Pangeni zamu kwa kufuata tarehe za kujiunga na masomo, na pesa ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo.

Kwenye hesabu yako usisahau usiku. Darasa la jioni likiisha saa 2:30, kuna teksi ya kurudi nyumbani na nyongeza ya dada wa kazi, mara mbili kwa wiki, kwa miezi yote ya kozi. Wengi huacha masomo katikati kwa sababu ya gharama hizo mbili huku ada wamekwisha kulipa. Ziingize kwenye ombi kama mstari wake. Mwajiri akizikata, omba madarasa ya Jumamosi au ya mtandaoni, ukitaja kiasi utakachookoa.

Ukikataliwa, jibu barua siku hiyohiyo kwa sentensi mbili: asante, na ningependa kujua sababu pamoja na tarehe ya kuomba tena. Tarehe hiyo iingize kwenye simu, na kengele ilie wiki 3 kabla yake.