Kumsamehe mpangaji kodi: je, nihesabu kuwa zaka?

SWALI: Assalaamu alaykum Shekhe. Nina nyumba Buyenzi, hapa Bujumbura. Mpangaji wangu ni mwandishi wa habari wa moja ya redio zilizovamiwa Mei hii ya 2015, lilipotokea jaribio la mapinduzi. Tangu siku hiyo hana kazi. Namdai kodi ya miezi miwili, faranga 200,000. Mkewe alizoea kununua mkaa kwa gunia, sasa anapimiwa kwa kopo, na moshi wao nauona magharibi tu. Lakini bado wana kompyuta na kinasa sauti, na wanavaa vizuri. Majirani wanaogopa hata kuonekana mlangoni kwao. Nataka kumsamehe deni liwe ndiyo zaka yangu ya Ramadhani hii. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam ndugu yangu. Kumsamehe ni kheri, ila si zaka. Zaka ni mali itoke mkononi mwako iingie mkononi mwake. Ukifuta deni hujampa kitu cha kununulia unga. Imamu Nawawi aliitaja mas'ala hii katika madhehebu yetu ya Shafii, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haitoshi.

Mpe fedha taslimu, bila sharti. Akinunua mchele na mkaa, ni haki yake. Akiamua mwenyewe kukulipa kodi kwa fedha hizo, pokea, zaka yako imesihi. Ukimpa kwa sharti kwamba akurudishie, haikusihi. Wala hulazimiki kumtajia kuwa ni zaka. Mtu aliyezoea kuheshimiwa huumizwa na neno hilo kuliko na njaa.

Kompyuta na kinasa sauti visikutie shaka. Hivyo ni cherehani ya fundi, na hatumwambii fundi auze cherehani ndipo apewe. Ama hayo mavazi, rudi Suratul Baqara aya ya 273: wapo mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Wewe mwenye nyumba umeuona moshi. Wapita njia wanaona shati lililopigwa pasi.

Kuhusu woga wa majirani, simlaumu mtu mwenye watoto ndani. Lakini mwaka huu fujo zimetukuta karibu na Ramadhani, na katika Ramadhani sahani ya futari hubebwa na mtoto. Nani Buyenzi humsimamisha mtoto magharibi kumuuliza anapeleka wapi uji? Anzeni hapo.

Deni lenyewe, aya ya 280 ya sura hiyohiyo inakutaka umngoje mwenye dhiki mpaka apate nafasi, na ukimwachia kabisa ni bora kwako. Hiyo ni sadaka, ina daftari lake. Zaka piga hesabu kamili ya asilimia 2.5 ya mali yako iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kutimiza mwaka, usipunguze humo zile 200,000 kama ulizokwisha kutoa.

Wallahu a'lam.